Niliwaambia naenda kutoa uvimbe

Ndala ilinivuka nikiwa naenda dukani kununua vocha na wala sikujua. Nimetembea hivo hivo, mguu mmoja ndala mguu mmoja peku, juu ya kokoto za ile barabara yetu ya Tabata ambayo kila mwaka wa uchaguzi tunaambiwa itawekwa lami, mpaka mtoto wa jirani akapiga kelele huku nyuma, "Mama mkubwa, ndala yako hii!" Nikageuka, nikacheka, nikarudi nikaivaa, asante baba. Nilicheka kwasababu nilijua ni uchovu tu. Ilikuwa wiki ya tisa toka nifanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo, na mtaa mzima, ofisi nzima, mpaka mama yangu mzazi kule Tanga walikuwa wanajua nilienda India kutoa uvimbe wa kizazi.

Aliyekuwa anajua ukweli ni mmoja tu, mdogo wangu anayefanya kazi Muscat, kwasababu hospitali ilitaka uwe na mtu wa kukuangalia na yeye toka Muscat mpaka Mumbai ni kama masaa matatu tu angani. Tulikutana kule, akaniuguza siku kumi, akarudi kwa tajiri wake, na siri akarudi nayo.

Mtaniuliza kwanini nilidanganya. Jamani. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa sentimita 162, presha juu, sukari imeanza kunusa nusa, nikipanda daladala konda anasema "mama wewe siti mbili" na watu wanacheka na mimi nacheka ili yaishe. Ukisema unaenda kutoa uvimbe kila mwanamke anakuelewa, wanakuombea dua, wanakuchangia mpaka hela ya matunda. Ukisema unaenda kukatwa tumbo upungue wanaanza: si ufunge tu swaumu za Jumatatu na Alhamisi, si uache chips, hela zinakuwasha? Na hela yenyewe ilikuwa milioni 14 na ushee, bima yangu haikugusa hata shilingi, kwahiyo niliuza kiwanja changu cha Mkuranga. Sasa mwambie mama wa Kitanga umeuza ardhi ukakatwe utumbo uone.

Kwa ambao hamjui, mimi nilifanyiwa ile wanaita sleeve. Wanatoboa matundu madogo matano tumboni, wanaingiza kamera na vyuma vyao, wanakata karibu asilimia 80 ya tumbo na kulitoa nje kabisa, kinachobaki ni kibomba chembamba mfano wa ndizi. Ile sehemu ya juu inayoondolewa ndio inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwahiyo sio tu unashiba haraka, njaa yenyewe inapotea. Na hapo ndipo shida yangu ilipojificha maana mtu asiyesikia njaa hawezi kujua kwamba anakufa njaa.

Dokta wa kule alinielekeza vizuri sana, sitasema uongo. Alinikalisha akaniambia wiki za mwanzo naogopa kitu kimoja, kuvuja pale tuliposhona. Ukiwa umelala tu umetulia na moyo unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, au una homa, au bega la kushoto linauma bila sababu, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Basi mimi mwezi mzima kazi yangu ilikuwa kuhesabu mapigo na kukanda bega. Mwezi ukaisha, bega zima, moyo 80, nikasema alhamdulillah nimevuka. Nilikuwa nimekaa mlango wa mbele na rungu, mwizi kapita jikoni.

Ilianza wiki ya tano niliporuhusiwa kutoka kwenye supu na uji kwenda vyakula laini. Nusu yai la kuchemsha, nimeliponda kwa kijiko mpaka limekuwa kama dawa ya meno, nimetia chumvi kidogo, nimekaa mezani kama mtu wa maana. Kijiko cha kwanza kimepita. Cha pili kimefika hapa, chini kidogo ya chembe ya moyo, kikasimama. Yaani unakisikia kimesimama, kama mtu aliyekaa mlangoni hataki kuingia wala kutoka. Alafu mdomo ukajaa mate, sio mate ya kawaida, ni povu jeupe zito linalovutika kama mlenda, nikakimbilia sinki. Yai limerudi kama lilivyoenda, hata rangi halijabadilisha.

Nikaandika kwa yule mratibu wa wagonjwa kwenye WhatsApp, akanijibu tafuna vizuri mara 20, kula taratibu, ni kawaida mwanzoni. Sawa. Nikatafuna. Nilitafuna mtindi mimi, mtindi! Ukarudi. Wiki ya sita nikaona bora nirudi kwenye uji, wiki ya saba uji mzito ukagoma, nikazimua mpaka ukawa maji ya uji. Kila siku natapika mara tatu, nne, tano, na kila siku nasema kesho. Kwanini nilikaa kimya? Kwasababu kilo zilikuwa zinashuka! Mzani ulikuwa unaniambia hongera kila asubuhi. Nimeshuka kilo 24 kwa miezi miwili na mimi navaa gauni la 2014 nazunguka mbele ya kioo huku nashikilia ukuta.

Af sasa watu. Huku kwetu ukinenepa wanasema maisha yamekukubali, ukikonda haraka kuna ugonjwa mmoja tu wanaoufikiria na hawautaji jina. Jirani yangu mmoja alinishika mkono sokoni, akaniangalia kwa huruma kweli, akaniambia "shoga, sa hivi dawa zipo, mtu anaishi tu na anazeeka". Nikamwambia asante. Ningemjibu nini? Nimesema uvimbe, na uvimbe ukishatolewa mtu ananawiri, haishi kama kibiriti.

Mama akaja. Mdogo wangu ndio alimpigia, hakusema siri, alisema tu dada haumwi vizuri (ndio alivyosema, haumwi vizuri, Kiswahili cha Muscat hicho). Mama kapanda basi la asubuhi Tanga na chupa mbili za kombe alilosomewa kwa shehe wetu, kafika kanikuta nimekaa chini bafuni. Akanimiminia kombe kwenye kikombe cha chai. Bismillah, funda moja, mbili, ya tatu yote yakatoka. Mama akanyamaza akaangalia kile kikombe. "Hata kombe limekataa kukaa. Hili si jambo dogo."

Tukaenda zahanati ya mtaani. Vipimo: malaria hakuna, mimba hakuna, lakini UTI ipo na taifodi ipo kwa mbali, nyie mnajua Dar hii hakuna anayeingia zahanati akatoka bila UTI. Yule tabibu kijana wa watu aliniuliza umewahi kufanyiwa operesheni gani, mama amekaa pembeni yangu hapo na mkoba mapajani, nikajibu bila kupepesa: uvimbe. Akaandika. Akanilaza akanitundikia dripu za glukosi, chupa tatu, ili nipate nguvu.

Nataka hapa nisimame kidogo. Kuna vitamini inaitwa B1, thiamini. Mwili hauiweki akiba kama mafuta, akiba yake ni ya wiki mbili tatu tu, na mtu anayetapika kila siku akiba inakwisha bila kelele. Mwili unaitumia hiyo B1 kuchoma sukari. Sasa mtu ambaye B1 imekwisha ukimmwagia glukosi kwenye mshipa bila kumpa B1 kwanza, ile kidogo iliyobaki inachomwa yote, na wanaoumia ni ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu aliyepunguzwa tumbo na anatapika anatakiwa apewe B1 kwanza au pamoja na hiyo glukosi, hili linajulikana, lakini dokta lazima ajue kwamba umepunguzwa tumbo. Yule kijana hakujua. Alimtibu mgonjwa niliyempa, na mgonjwa huyo alikuwa wa uongo. Kwahiyo mimi simlaumu, namlaumu aliyekuwa amelala kitandani.

Jioni ile nilijisikia vizuri mpaka nikaomba simu. Kesho yake nimeamka naona akina mama wawili. Wawili kabisa, wamevaa khanga ile ile, wanaongea kwa pamoja. Nikifunga jicho moja anabaki mmoja. Nikasimama niende chooni, miguu imepanuka kama baharia aliyetoka chomboni, naenda kushoto wakati nataka kulia. Nyayo zinawaka moto ila ukizigusa sisikii. Binti yangu wa miaka 11 akaniuliza nimuitie bajaji, nikamwita kwa jina la shangazi yake aliyefariki. Mtoto akaanza kulia. Hiyo sehemu siikumbuki mimi, nimesimuliwa.

Hospitali kubwa nilipokelewa na dokta mdada, mdogo, bado yuko mafunzoni nadhani, kiatu chake kimoja kamba imefunguka. Akanipandisha gauni apime tumbo. Akayaangalia yale makovu. Akayahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akasema "Mama, uvimbe wa kizazi haukai huku juu chini ya mbavu. Hii ilikuwa operesheni ya nini?"

Mama yuko pale. Wote wawili wako pale, maana bado nilikuwa naona wawili.

Nikasema. Sikusema vizuri, ulimi ulikuwa mzito, nilisema "wamenikata tumbo nipungue". Yule dokta hakunigombeza hata kidogo, alitoka karibu anakimbia, nikamsikia korido anaita nesi, anauliza kama kuna thiamini ya sindano. Mama akakaa kwenye benchi. Kimya kirefu. Nikajua sasa naanza kusomewa. Akauliza swali moja tu, taratibu.

"Na hela ulitoa wapi?"

Nikamwambia kiwanja. Akafunga macho. Mpaka leo hatujalimaliza hilo la kiwanja na sidhani kama litaisha.

Nilichomwa B1 kwenye mshipa mara kadhaa kwa siku, wiki nzima. Macho yalirudi ndani ya siku chache, mama wa pili akaondoka zake. Akili ikarudi. Alafu ndio wakanipitisha kamera mdomoni, ile ya kumeza, waone kwanini nilikuwa natapika, wakakuta kile kibomba changu pale kinapokunja kona kimebana, kovu limekivuta, tundu limebaki dogo. Wanasema ndio sehemu inayobana mara nyingi kwa waliofanyiwa sleeve. Dawa yake ni kupitisha kiputo kwenye hiyo hiyo kamera, kinajazwa taratibu pale palipobana panapanuka. Ikishindikana kabisa ndio wanakufanyia operesheni nyingine ya kuunganisha utumbo kwa juu. Mimi nilipanuliwa mara tatu, kila baada ya wiki mbili tatu. Baada ya ile ya pili nilikula ndizi mzuzu iliyopikwa kwa nazi, nusu, ikapita. Ikapita! Nilikaa nasubiri irudi kama mtu anayesubiri deni lidaiwe. Haikurudi. Nililia mimi kwa nusu ndizi.

Kitandani huna kazi, nikawa nasoma kuhusu hii B1. Kumbe iligunduliwa kwa kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1800 kule Java kulikuwa na dokta wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, kuku wake walianza kuyumba, miguu haibebi, wanaanguka, na alipofuatilia akakuta walikuwa wanalishwa wali mweupe uliokobolewa uliobaki hospitalini. Wakirudishiwa mchele wenye pumba zake wanapona. Ile pumba tunayoitupa ndio ilikuwa na B1. Mwaka 1929 akapewa Nobel. Nikamsimulia mama, mama anafuga kuku toka sijazaliwa, akasikiliza mpaka mwisho kwa makini sana akasema, "Sasa si ungesema tu una kideri, mimi nikajua cha kufanya." Hiyo ndio mara ya kwanza alinichekea toka siku ya makovu.

Miguu sasa, miguu ndio haijarudi yote. Ni mwaka wa pili huu. Vidole vya kushoto bado vimelala, usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga mchanga wa saa saba mchana, na ndala za kuchomeka vidole nimeziacha kabisa, navaa za mkanda nyuma. Naangalia nyayo kila usiku kama mtu mwenye sukari, maana niliwahi kukanyaga kipande cha chupa na kugundua kwa damu kwenye vigae.

Mengine ni madogo nayapita haraka. Nywele zilitoka mwezi wa nne mpaka wa saba, konzi kwa konzi, ushungi ukanisitiri, na zimeota tena zenyewe. Kifuko cha nyongo kina vijiwe, ukipungua haraka vinajitengeneza, havijanisumbua, tunaviangalia kwa altrasaundi. Ngozi ya mikono inaning'inia, nikipunga kwaheri inaendelea kupunga baada ya mimi kuacha. Damu ilipungua, nameza madini ya chuma na vitamini na B12 na nitazimeza mpaka naingia kaburini, hilo halina mjadala. Kiungulia nacho kipo, nikilala tu baada ya kula napata habari yake, kwahiyo chakula cha usiku mwisho saa moja.

Maji ndio mtihani. Huwezi kugugumia tena, na huwezi kunywa pamoja na chakula, unasubiri nusu saa. Nina chupa nimeichora mistari kwa maka peni, kila mstari na saa yake, ofisini wameizoea. Mwaka wa kwanza Ramadhani sikufunga, dokta alinikatalia na shehe naye akasema mgonjwa ana ruhusa yake, nikalisha maskini. Mwaka huu nilijaribu. Toka magharibi mpaka daku muda hautoshi kuingiza maji yote kwa funda funda, na futari imekaa pale, tambi, magimbi, kunde za nazi, kila mtu anakusukumia sahani. Siku ya nne kichwa kikauma, mkojo rangi ya chai, nikaacha. Nilijisikia vibaya kuacha, sitaficha. Mama alifutari peke yake kwa siku zilizobaki bila kusema neno na mimi nikampikia.

Kwenye mashughuli nimejifunza kujibu. Zamani nilikuwa najificha nyuma na sahani nakoroga pilau mpaka inapoa. Sa hivi nasema wazi, jamani mimi nimepunguzwa tumbo, nyama hizi vipande viwili ndio shibe yangu, nifungieni nyingine. Wanaotaka kusema watasema, na wamesema sana, kuna aliyesema nimejichinja mwenyewe. Lakini yule jirani wa sokoni alikuja nyumbani akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema alishanitafutia mpaka kikundi.

Na kwenye pochi natembea na karatasi nimeiweka leminesheni saizi ya kitambulisho. Mama ndio alinilazimisha. Imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza: amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, aina sleeve, tarehe. Akitapika au akizimia apewe B1 kabla ya glukosi au pamoja nayo. Chini namba ya mdogo wangu na ya mama. Kilo zangu sa hivi ni 79. Mkiniuliza kama najuta mnanipa shida, maana presha imekaa na daladala nakaa siti moja, na vidole vya mguu sivisikii. Ninachojutia kwa uhakika ni zile wiki nne za kutapika kimya kimya nikizihesabu kama mafanikio.

Juzi ofisini alikuja dada mmoja wa idara ya jirani, tunajuana kwa salamu tu, ni mnene kama nilivyokuwa. Kafunga mlango. Kaniambia kwa sauti ya chini anaomba ushauri wa viza, maana yule aliyenishughulikia mimi alisikia ni mzuri, mwezi wa tano anakwenda India.

"Unaenda kufanya nini, shoga?"

Akaangalia chini. "Kutoa uvimbe."

Nikamuuliza, uvimbe wa kilo ngapi? Akanyamaza. Nikamvutia kiti, nikatoa ile karatasi kwenye pochi nikaiweka mezani.